Kipimo Kilichomhukumu Mwenzetu

Ilikuwa Jumatano ya kwanza ya mwezi Juni, mwaka 2017. Sisi wanawake wa usharika tulikuwa tumekusanyika chini ya mwembe, kama ilivyo desturi yetu, kwa maombi na mambo ya maendeleo. Bibi mmoja mjane, anayelea wajukuu watatu peke yake, alifika akiwa na ungo kichwani. Tulimwamkia, akatuitikia vizuri, kisha akautua ungo juu ya mkeka katikati yetu. Ndani yake ilikuwamo mihogo iliyokatwa vipande. Kwa nje ganda lilikuwa zuri kabisa. Kwa ndani kila kipande kilikuwa na mabaka ya kahawia, makavu na magumu kama gome la mti.

"Wanangu," akasema, "shamba zima ndivyo lilivyo. Sikuja kugombana na mtu. Nimekuja kuuliza tu, hawa watoto watakula nini?"

Hatukuwa na jibu, kwa sababu mbegu ya mihogo ile tulimpa sisi wenyewe. Masika ya mwaka 2016 tulikata pingili katika mashamba yetu, tukazichanganya na kuzifunga mafungu mafungu, tukaziombea, na kuzigawa kwa kaya 14 za wajane na wagonjwa. Siku ile tulirudi nyumbani tukiimba. Tulijiona tumefanya jambo jema, na kwa kweli nia yetu ilikuwa njema. Sasa lile jema letu lilikuwa limekaa mbele yetu katika ungo, limeoza.

Akina mama wenzetu, tunaandika habari hii kwa ruhusa ya wote waliohusika. Imo ndani yake habari ya ugonjwa wa mihogo, na habari ya programu za kompyuta ambazo wengi wetu hatukuwahi kuzisikia kabla ya mwaka ule. Lakini zaidi ni habari ya jinsi tulivyomhukumu mwenzetu kwa kutumia kipimo pungufu.

LAWAMA ZIKAANZA

Tunaishi Muheza, chini ya milima ya Usambara. Huku kwetu mhogo ni chakula cha asubuhi, ni futari ya jirani zetu Waislamu, ni unga wa miezi ya njaa. Mhogo ukiharibika nyumba inatikisika. Kwa hiyo swali la bibi lilipokosa jibu, midomo yetu ilitafuta wa kulaumiwa.

Tulimpata upesi. Mmoja wa wanakikundi, ambaye pia alikuwa mweka hazina wetu, ndiye mwenye shamba kubwa kuliko wote, na pingili nyingi zilitoka kwake. Wapo waliosema kwamba majani ya mihogo yake yalikuwa na umanjano tangu zamani. Wengine wakasema alijua, ila alitoa mbegu mbaya ili abaki na nzuri. Na wengine, tunaona aibu kuandika, walinong'ona maneno ya mkono mbaya, maneno yasiyofaa kutoka kinywani mwa wanawake wanaoomba. Mwenyewe alijibu kwamba mihogo ile ile ndiyo aliyokuwa akiila yeye na watoto wake. Hatukumsikiliza sana.

Wiki ile binti wa katibu wetu alikuwa nyumbani kwa likizo. Huyu tulimlea sote katika shule ya Jumapili, na wakati huo alikuwa akisoma shahada ya pili na kujifunza kazi katika maabara moja Dar es Salaam. Aliutazama ungo mara moja tu akasema, "Mama zangu, hii si laana wala si mkono wa mtu. Huu ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia."

Alituambia jambo lililotushangaza: ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtafiti aitwaye Storey, katika kituo cha utafiti cha Amani, milima hii hii tunayoiona kila asubuhi tukiamka. Kwa miaka mingi ulijulikana zaidi kama ugonjwa wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Nyasa, lakini kuanzia mwaka 2004 ulionekana Uganda katika nchi ya juu, na baada ya hapo ukaenea sana katika nchi za maziwa makuu. Unaletwa na virusi. Inzi weupe wadogo wanaokaa chini ya majani huvihamisha kutoka mmea hadi mmea, na mkulima naye huvihamisha kwa pingili anazokata na kumpa jirani. Majani yanaweza kuonekana karibu mazima, huku mizizi ikiwa imeharibika chini ya udongo.

Binti alichuma majani makomavu ya chini katika mashamba 9: la bibi, la mweka hazina wetu, mawili ya watu waliopokea mbegu, na matano ya wanakikundi. Aliyabana katika magazeti makuukuu, akaandika namba, akaondoka nayo kwenda kuyapima kama sehemu ya mafunzo yake.

Baada ya wiki tatu alimpigia simu mama yake. Alisema mashamba matatu yameonyesha kirusi, la mweka hazina na yale mawili ya waliopokea mbegu. Kisha akasema, "Lakini mama, msiseme kitu bado. Kuna jambo halijakaa sawa. Shamba la bibi limeonekana safi, na mihogo yake niliiona kwa macho yangu imeoza."

Hayo ya mwisho yalipotea njiani. Habari iliyotufikia sisi ni kwamba kompyuta na mashine za Dar es Salaam zimethibitisha: shamba la mweka hazina ni bovu, na mashamba yetu matano ni safi. Tulishukuru Mungu kwa sauti. Jumatano iliyofuata tulimwomba mwenzetu akabidhi daftari na sanduku la fedha. Tulisema ni kwa muda tu. Alikabidhi, akahesabu mpaka shilingi ya mwisho mbele yetu, akajifunga kanga yake akaenda zake. Hakurudi Jumatano iliyofuata wala nyingine. Watoto wake wakaacha kuwasalimia watoto wetu njiani.

KIMYA CHA AINA MBILI

Mwezi Agosti binti alirudi. Alikuja na kompyuta ndogo ya kubebea, akaiweka juu ya benchi la kanisa, akapiga magoti kutuamkia mmoja mmoja. Kisha akasema, "Mama zangu, nimekuja kuomba radhi. Kipimo changu cha kwanza kilikuwa na kasoro, na kasoro ilikuwa yangu."

Akatueleza tangu mwanzo, na sisi tunajaribu kueleza hapa kama tulivyoelewa.

Kila chenye uhai kina mwandiko wake wa urithi ndani yake, na virusi navyo vinao. Mwandiko huo kwa kawaida huandikwa kwa herufi nne tu, A, C, G na T, zinazorudiwa kwa mpangilio mbalimbali. Mwandiko wa kirusi hiki cha mihogo una urefu wa herufi karibu 9,000. Ndani ya jani kirusi ni kidogo mno kuonekana, kwa hiyo wataalamu huchukua kipande cha mwandiko wake, hukigeuza kuwa namna ya DNA, halafu hukirudufu mara nyingi mpaka kionekane. Njia hiyo ya kurudufu ilibuniwa na Kary Mullis wa Marekani mwaka 1983, naye akapewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1993. Vitu hupashwa moto karibu na kuchemka, hupozwa, hupashwa tena, na kila mzunguko nakala huongezeka maradufu: moja inakuwa mbili, mbili nne, nne nane. Kama kazi ikienda vizuri, mizunguko 30 inaweza kutoa nakala zaidi ya bilioni moja kutokana na moja tu.

Lakini kazi hiyo haianzi yenyewe. Inahitaji praima mbili. Praima ni kipande kifupi cha vinasaba chenye herufi kama 20, kilichotengenezwa ili kishikamane na mahali maalumu katika mwandiko. Moja hushika mwanzo wa sehemu inayotafutwa, nyingine hushika mwisho, na hapo kimeng'enya huanza kunakili. Ni kama fundi wa kushona asiyeweza kuanza mpaka umwekee pini mahali pa kuanzia.

"Sasa sikilizeni hatari yake," binti akasema. "Praima isipopata mahali pa kushika, hakuna kitakachonakiliwa. Matokeo yatakuwa kimya. Na jani lisilo na kirusi nalo matokeo yake ni kimya. Vimya hivi viwili vinafanana kabisa."

Katibu akamwuliza, "Kwa nini ikose mahali pa kushika, na kirusi kimo?"

Binti akatabasamu. "Mama, wewe ni Mbondei na mama mchungaji ni Msambaa. Lugha zenu ni ndugu, maneno mengi mnaelewana. Lakini nikisimama barabarani nikaita kwa neno walilo nalo Wasambaa peke yao, mama mchungaji atageuka, wewe utapita. Je, ina maana hukuwepo?"

Hapo baadhi yetu tulianza kuinamisha vichwa.

Akatueleza kwamba ugonjwa huu mmoja huletwa na virusi vya aina mbili. Kwa muda mrefu vilidhaniwa ni kitu kimoja, lakini kufikia mwaka 2010 watafiti walikuwa wamesoma miandiko yake na kuona kwamba ni ndugu wawili tofauti. Wa pili alipewa jina lenye neno Uganda, ingawa anapatikana hata huku kwetu. Ukiwaweka sambamba, herufi zinazolingana ni karibu 70 katika kila 100. Basi katika kila herufi 10, kama tatu hivi hazilingani. Kwa praima yenye herufi 20, hiyo ni tofauti kubwa.

Yeye katika kipimo chake cha kwanza alichukua mwandiko wa ndugu mmoja tu kutoka hazina ya kimataifa ya GenBank, akauingiza katika programu iitwayo Primer3. Programu hiyo ilielezwa na Steve Rozen na Helen Skaletsky wa taasisi ya Whitehead huko Marekani mwaka 2000, na hutumiwa bure na wataalamu duniani kote. Inapitia mwandiko hatua kwa hatua na kupima kila kipande. Urefu unafaa? Kwa kawaida hupendelea herufi 20. Joto la kuachia linafaa? Hupendelea kama nyuzi 60. Je, praima itajikunja na kujishika yenyewe? Je, hizi mbili zitashikana zenyewe kwa zenyewe zikasahau kazi iliyozileta? Baada ya hapo inatoa orodha, zilizo bora zikiwa juu.

"Ilinipa praima nzuri kabisa," akasema. "Programu haikukosea. Niliiuliza habari za mmoja, ikanijibu habari za mmoja. Mimi ndiye niliyechukua jibu la mmoja nikapimia wote."

KUWAPANGA NDUGU SAMBAMBA

Mwalimu wake alipoona shamba la bibi limetoka safi, alimrudisha mezani. Akamwambia asianze na praima, aanze na kuwapanga ndugu.

Binti akafungua kompyuta akatuonyesha. Tuliona mistari mingi ya herufi, mmoja chini ya mwingine, kila mstari ni kirusi kilichosomwa kutoka shamba fulani, vya aina zote mbili. Programu huvisogeza mpaka herufi zinazolingana zikae katika safu moja, juu na chini. Mahali ambapo ndugu wote wanalingana palipakwa rangi moja, na mahali wanapotofautiana rangi zilichanganyika kama mabaka ya kitenge. Sehemu kubwa ilikuwa mchanganyiko. Lakini hapa na pale palikuwa na vipande vifupi vyenye rangi moja tangu mstari wa juu hadi wa chini.

Mmoja wetu akauliza kwa nini pale hapabadiliki. Binti akajibu kwamba kirusi hubadilika kila siku, lakini ziko sehemu ambazo zikibadilika hakiwezi kuishi, kwa hiyo wanaobaki ni wale waliozitunza. Kwingine herufi husomwa tatu tatu kama neno, na mara nyingi herufi ya tatu ikibadilika maana hubaki ile ile, kwa hiyo hapo ndugu hutofautiana bila madhara.

Zipo programu zilizotengenezwa kwa kazi hii hasa. Mwaka 2005 Michael Gadberry na wenzake watatu wa Chuo Kikuu cha Missouri, St. Louis, walitangaza moja iitwayo Primaclade. Mmoja wao, Elizabeth Kellogg, ni mtaalamu wa mimea jamii ya nyasi, ambamo yamo mahindi, mtama, mpunga na ulezi. Mtafiti wa jamii kama hiyo huhitaji praima zitakazofanya kazi kwa ndugu wengi, hata wale ambao mwandiko wao haujasomwa bado. Programu yao ilipokea miandiko iliyokwisha kupangwa sambamba, ikaipitisha mmoja mmoja katika Primer3, halafu ikakusanya majibu na kutafuta praima zinazowafaa wote pamoja.

Tukauliza, "Na pale wanapotofautiana herufi moja tu, mnapaacha?"

"Hapana, mama. Hapo tunaweza kuandika herufi ya mchanganyiko. Tukiandika Y, maana yake C au T. Tukiandika R, ni A au G. Tukiandika N, ni yoyote kati ya nne. Kiwanda kinatengeneza mchanganyiko wa praima za namna zote hizo. Lakini ina gharama. Ukiweka Y mbili na R moja una praima nane tofauti katika kichupa kimoja. Ukiweka N tatu unazo 64. Kila moja inakuwa chache, kama uji uliozidishiwa maji. Na zikiwa nyingi mno zinaweza kushika hata pasipostahili. Kwa hiyo unaiambia programu, nakuruhusu tofauti chache, usizidishe."

Akaongeza jambo moja. Mwisho wa praima, pale kimeng'enya kinapoanzia kazi, lazima palingane vizuri. Kutolingana katikati kunaweza kuvumilika. Kutolingana mwishoni huweza kuharibu kazi nzima.

Kisha akatuonyesha kazi iliyomfurahisha. Mwaka 2011 mtafiti Mtanzania, Deusdedith Mbanzibwa, na wenzake walichapisha jozi ya praima inayoshika virusi vyote viwili. Na ilikuwa na uzuri wa ziada: kipande kinachonakiliwa katika ndugu wa kwanza kina herufi 344, na katika ndugu wa pili kina herufi 440. Vipande hivyo vikipitishwa katika jeli kwa umeme, kifupi hukimbia zaidi na kirefu hubaki nyuma. Hivyo kipimo kimoja huwaita wote wawili kwa neno wanalolielewa wote, halafu kila mmoja huonyesha ni yupi.

Binti alipima majani yetu upya kwa jozi hiyo. Akatoa picha, nyeusi yenye vistari vyeupe.

Shamba la mweka hazina lilikuwa na kistari cha 344, kama kwanza. Yale mawili ya waliopokea mbegu yalikuwa nacho pia, na moja kati yake lilikuwa na vistari vyote viwili. Shamba la bibi lilikuwa na kistari cha 440 peke yake. Na mashamba yetu matano, yale tuliyoyaita safi na kuyatolea shukrani kwa sauti, matatu yalikuwa na kistari hicho hicho cha 440. Mawili tu ndiyo hayakuonyesha kitu. Kwa jumla mashamba 7 kati ya 9 yalikuwa na ugonjwa.

Tulikaa kimya. Kirusi kilichoonekana kwa bibi hakikuwa kile kilichoonekana kwa mwenzetu. Kilikuwa kile kilichokuwa kwetu.

Binti alituonya tusikimbilie hukumu nyingine. Alisema majani machache si shamba zima, na inzi weupe hawajui mipaka, kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwa hakika ugonjwa ulitoka kwa nani ukaenda kwa nani. Tulimwelewa. Lakini kila mmoja wetu alikuwa akifikiria sanduku la fedha na kanga iliyofungwa kwa uchungu siku ile.

TULIPOKWENDA KUOMBA RADHI

Jioni ile ile tulikwenda nyumbani kwake, wanawake 11 kwa pamoja. Alikuwa uani akimenya mihogo. Alitukaribisha, akatupa mkeka, akaendelea kumenya. Mwenyekiti wetu alieleza yote, habari za ndugu wawili, praima, na vistari vyeupe. Alimaliza kwa kusema, "Basi dada, tumeona kwamba hukuwa wewe. Tunaomba utusamehe."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaweka kisu chini akasema, "Nawashukuru kwa kuja. Lakini nina swali. Kama kipimo cha pili nacho kingesema ni shamba langu peke yangu, mngekuja?"

Swali la bibi lilikosa jibu mwezi Juni, na hili la mwenzetu lilikosa jibu mwezi Agosti.

Tulikuwa tumekwenda tukidhani kosa letu ni kutumia kipimo kibovu. Yeye alituonyesha kosa lililo chini yake. Hata kama shamba lake lingekuwa chanzo cha yote, alitoa mbegu kwa moyo ule ule tuliotoa nao sisi. Ugonjwa hakuutaka wala hakuujua. Aliyestahili kusaidiwa tulimnyang'anya daftari. Tunakumbuka mfano wa Bwana wetu wa ngano na magugu, katika Mathayo 13, jinsi mwenye shamba alivyowazuia watumwa wasiharakishe kung'oa. Tuliufundisha mfano ule miaka mingi katika kikundi. Hatukujua kwamba watumwa wenye haraka ni sisi.

Hakurudi siku ile. Alirudi mwezi Desemba, siku ya kuandaa chakula cha watoto wa usharika, akachukua sufuria akaanza kazi kama mtu asiyewahi kuondoka. Sanduku la fedha tulimrudishia mara tatu, na mara tatu alilikataa. Tumejifunza kwamba msamaha unaweza kutolewa wote, na bado kovu likabaki.

Bibi hatukumwacha. Tuling'oa mihogo iliyougua katika mashamba yote 7, kazi ya machozi, na vuli ile tulinunua kwa akiba ya kikundi mbegu iliyokaguliwa, tukaanza kupanda kwa bibi kabla ya kwetu. Mpaka mavuno yake kila nyumba ilimpelekea unga kwa zamu.

KWA AKINA MAMA WENZETU

Yapo mambo machache tungependa mjifunze bila kulipa gharama tuliyolipa. Kabla ya kukata pingili za kumpa mwingine, ng'oa mashina kadhaa ukate mizizi uitazame ndani. Usiridhike na uzuri wa majani. Ukiweza, nunua mbegu kwa wazalishaji waliokaguliwa, na mwulize bwana au bibi shamba wako aina inayovumilia ugonjwa katika eneo lako. Na ukiletewa majibu ya maabara yanayosema hakuna kitu, iwe ni ya mmea au ya mnyama, usione haya kuuliza: kipimo hiki kimepangwa kutambua aina zipi? Mtaalamu mwema hatachukia. Binti yetu alikuwa na ujasiri wa kujiuliza swali hilo mwenyewe, na kukubali mbele ya mama zake kwamba alikosea. Tunamheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa shahada yake.

Tumeanza pia kuliona jambo hili ndani ya nyumba zetu. Mama mwenye watoto wanne humsoma vizuri yule wa kwanza, akafanya praima yake kutokana na huyo. Wa kwanza akiwa na huzuni hulia, basi mama hujua kwamba mwenye huzuni hulia. Wa tatu huzunika akanyamaza, naye mama akapita akisema, "Huyu hana neno." Kimya chake kimefanana na amani. Je, tumewahi kuwapanga watoto wetu sambamba, tukatazama mahali wanapolingana wote na mahali kila mmoja alipo peke yake? Wote wanahitaji kuitwa kwa jina na kusikilizwa. Hapo hapabadiliki. Kwingine kote kila mtoto ana herufi zake.

Na katika vikundi vyetu vya maombi, mwenzetu akionekana amekosa, tukumbuke kwamba huenda tumeuliza habari za mmoja tu. Tukajipime na sisi kwa kipimo hicho hicho kabla ya kushukuru kwamba tuko safi. Na kama baada ya kupima kwa haki akaonekana ni yeye kweli, basi tumwendee na jembe la kumsaidia kung'oa na mbegu mpya ya kupanda.

Mwembe wetu bado upo, na Jumatano bado tunakutana. Mkeka ni ule ule. Bibi naye huja, na mara nyingi hubeba ungo wake kichwani, wenye mihogo myeupe aliyokwisha kuichemsha. Kabla hatujala yeye huchukua kipande kimoja, hukivunja katikati mbele yetu sote, hukitazama, kisha hucheka na kusema, "Haya wanangu, karibuni."